Kazi imekwisha Dubai: kafili mwengine, Muscat, au Pemba moja kwa moja?

Mtoto wa Mkoani
Assalaam alaykum jamii. Kampuni ninayofanyia kazi Dubai imeniambia kazi basi, wamepoteza mkataba wa majengo waliyokuwa wakiyahudumia. Mie ni fundi wa AC na viza yangu iko chini yao. Nna njia tatu: kutafuta kafili mwengine, yaani mwajiri wa kunidhamini viza, hapo hapo Dubai, kujaribu Muscat ambako nna jamaa, au Pemba moja kwa moja nijitegemee. Ipi bora? Nataka kuamua wiki hii kwa sababu bei za tiketi zinapanda. Rai zenu tafadhali.

Mwana Matrah
Wa alaykum salaam. Muscat, ndugu yangu. Utafika na Kiswahili chako, utakuta watu wa asili ya Unguja na Pemba kila mtaa, na mambo ya kafili yamelegezwa. Tangu Januari 2021 mkataba ukimalizika huhitaji tena barua ya ruhusa ya mwajiri wa zamani ndiyo uhamie kwengine. Na kwa sheria ya kazi ya 2023 kiinua mgongo cha mgeni ni mshahara wa msingi wa mwezi mzima kwa kila mwaka. Dubai hupati mwezi mzima kwa mwaka mpaka upite miaka mitano.

Bint Kiembesamaki
Kaka, kabla hujachaguliwa nchi, suali lako halijibiki lilivyo. Barua ya kusitishwa unayo, au umeambiwa kwa mdomo? Viza ishafutwa au bado? Umefanya miaka mingapi? Mshahara wa msingi ni kiasi gani? Si jumla, ule ulioandikwa "wa msingi" kwenye mkataba. Kampuni imesajiliwa Wizara ya Kazi ya kule, MOHRE, au ni ya eneo huru? Bima ya kukosa kazi ulikuwa ukilipa? Una mkopo wa benki? Mke na watoto wako kwenye viza yako? Kila jibu moja hapo linaweza kugeuza ushauri mzima.

Fundi Baridi
Fundi wa AC kuhangaika na kafili wa nini wakati mahoteli yote ya pwani yanalia? Njoo nyumbani.

Mtoto wa Mkoani
Nimefanya miaka sita kamili. Mshahara ni dirham 3,000, wa msingi 1,800. Kampuni iko MOHRE. Bima nilijiunga 2023 na nalipia kila mwaka. Mkopo sina, nna laini ya simu ya mkataba tu. Familia iko Mkoani, Pemba. Barua sina. Meneja kanitumia sauti kwa WhatsApp kwamba nisirudi, watafuta viza na haki zangu watanitumia.

Bi Karatasi, Chake
"Nisirudi" kutoka wapi? Wewe uko wapi sasa hivi?

Mtoto wa Mkoani
Niko Mkoani, likizo. Inakwisha tarehe 28.

Bint Kiembesamaki
Hilo ndilo ulilotakiwa uanze nalo, kwani linabadilisha kila kitu. Uko nje ya nchi, huna karatasi, na likizo ina siku ya mwisho. Sahau tiketi kwa leo, tushike karatasi kwanza.

Hatari yako si kufukuzwa. Hatari ni hii: sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, Namba 33 ya 2021, inamruhusu mwajiri kumuachisha mtu bila ya notisi akikosa kazini zaidi ya siku saba mfululizo bila sababu. Ukikaa Mkoani kwa kuamini ile sauti, ikifika tarehe 5 au 6 ya mwezi unaofuata wanaweza kuandika kwamba wewe ndiye uliyetoroka. Hapo hawakulipi notisi, bima inakataa kwa kuwa umeachishwa kwa kosa la nidhamu, na kibali kipya cha kazi unaweza kunyimwa mwaka mzima.

Kwa hiyo usiku huu andika barua pepe kwa meneja na kwa ofisi ya utumishi, si WhatsApp peke yake. Sema umepokea ujumbe wa sauti tarehe fulani saa fulani kutoka namba fulani; unaomba barua rasmi ya kusitishwa yenye sababu na siku ya mwisho ya kazi, maana sheria inataka notisi iwe ya maandishi; na kwamba bila ya barua hiyo utaripoti kazini likizo ikimalizika. Sentensi hiyo ya mwisho usiiache. Ndiyo itakayowazuia kukuita mtoro. Ile sauti usiifute, ihifadhi na mahala pengine nje ya simu.

Halafu ingia programu ya MOHRE upakue mkataba wako, na ya benki upakue taarifa ya miezi sita. Mshahara wenu unapita kwenye mfumo wa serikali wa kulinda mishahara, kwa hiyo kila malipo yana alama yake.

Abu Salma
Ahsante dada kwa maelezo, ila tupige hesabu tuone kama kuna haja ya kurudi kabisa.

Kiinua mgongo ni siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, halafu siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Miaka mitano mara 21 ni siku 105, na wa sita 30, jumla siku 135. Msingi wa 1,800 ni dirham 60 kwa siku. Basi ni dirham 8,100. Wengi hupiga kwa mshahara wote wa 3,000, wakifika ofisini wanaona wameibiwa, kumbe hesabu ndiyo hiyo.

Ongeza notisi. Mkataba utasema siku ngapi, baina ya 30 na 90. Kama hawakuachi ufanye kazi kipindi hicho wanakulipa, na hapa ni mshahara kamili, kwa hiyo si chini ya 3,000. Siku za likizo ulizobakisha nazo hulipwa kwa msingi. Haya yote wanatakiwa wakulipe ndani ya siku 14 tangu mkataba kumalizika.

Hizo ni zaidi ya dirham 11,000 na haziko kwenye hoja ya kurudi au kutorudi, zako popote ulipo. Kinachobaki ni bima. Inalipa asilimia 60 ya wastani wa mshahara wa msingi wa miezi sita ya mwisho, kwa muda usiozidi miezi mitatu. Kwako ni 1,080 kwa mwezi, jumla 3,240. Toa tiketi, kodi ya kitanda na chakula cha miezi mitatu, sioni kitakachosalia. Akae nyumbani.

Bi Karatasi, Chake
Abu Salma, hesabu yako sahihi ila umeiacha njiani. Kurudi hakumpi bima tu. Kunampa muda halali wa kutafuta kazi akiwa ndani, na mwajiri wa kule humchukua haraka fundi anayeweza kumuona na kumjaribu leo kuliko kumuagizia mtu viza kutoka Zanzibar.

Viza ikifutwa ukiwa ndani unapewa siku za kukaa. Wengine 30, wengine 60, na kuna madaraja yanayofika 180, lakini fundi wa kawaida asijiwekee 180 kichwani. Tarehe itaandikwa kwenye karatasi ya kufutwa, hiyo ndiyo ya kufuata. Ukipitiliza, faini ni dirham 50 kwa siku. Ndani ya muda huo kafili mpya akikuombea kibali unabadilishiwa hali huko huko bila ya kutoka. Ikifutwa ukiwa Mkoani, huna siku hata moja. Utaingia upya kama mtu aliyekuwa hajafika.

Basi cha kwanza kuangalia ni kama viza yako bado hai. Viza ya Dubai inaangaliwa kwenye tovuti ya uhamiaji wa Dubai, GDRFA, kwa namba ya faili au pasi. Angalia leo, na uangalie tena asubuhi ya siku ya kusafiri, kwani mwajiri anaweza kuomba ifutwe wakati wewe uko nje. Usinunue tiketi isiyorudishwa.

Na bima ina masharti: miezi 12 mfululizo ya kulipia, madai yaingizwe ndani ya siku 30 tangu ajira kukatika, uwe umeachishwa na si kujiuzulu, na uwe ndani ya nchi kihalali. Ukitoka moja kwa moja au ukipata kazi, malipo yanasimama. Wakikuletea karatasi ya kujiuzulu "ili mambo yaende haraka", usitie saini. Saini hiyo inafuta bima.

Mwana Matrah
Mnamchosha na Dubai. Muscat ni saa moja kwa ndege kutoka huko. Aende akamalize, avuke.

Bi Karatasi, Chake
Kuvuka kwa karatasi gani, ami? Oman nako kibali kiko mkononi mwa mwajiri. Ulegezaji wa 2021 ni kwa mtu ambaye yupo kazini Oman na mkataba wake umemalizika au umesitishwa. Hamuhusu anayetoka Dubai. Huyu anahitaji mwajiri wa Oman aombe kibali kwanza, na kazi nyingi kule zimetengwa kwa wananchi, orodha inabadilika mara kwa mara. Akiingia kwa viza ya matembezi akaanza kupanda vipaa na geji mkononi, anavunja sheria yeye na anayemtuma. Jamaa zake wamtafutie barua ya kazi yenye cheo kilichoruhusiwa, ndipo tuzungumze Muscat.

Mwana Matrah
Sijasema afanye kazi kwa viza ya matembezi. Nimesema ana watu. Kazi Oman hupatikana kwa watu.

Mkaazi wa Wete
Naomba nieleze kisa cha kijana mmoja wa kwetu, kwa sababu kinakaribia kabisa hiki na watu wasione kama ni maneno ya karatasi tu.

Alikuwa fundi vigae Sharjah, karibu miaka minne. Akaja likizo ya siku 40. Wiki ya mwisho msimamizi akampigia simu: kazi imepungua, pumzika, tutakuita. Simu tu, hakuna maandishi. Akafurahi, msimu wa karafuu ulikuwa umeanza, akawasaidia wazee wake. Ukapita mwezi, wa pili. Kila akipiga anaambiwa subiri. Baada ya mwezi wa tatu namba ikawa haipokelewi. Kumbe wiki mbili tu baada ya likizo kumalizika walishamuandika kuwa amekosa kazini bila ya sababu, viza ikafutwa, na kiinua mgongo hakikulipwa kwa hoja kwamba hakuna anayejua alipo.

Yeye hakujua. Akapata kampuni nyengine, wakaomba kibali, kikakataliwa. Hapo ndipo akatokea mtu mjini anayejiita wakala, akamwambia ana njia ya kuondosha kizuizi ndani ya siku kumi. Familia ikauza mashina ya mikarafuu kumlipa. Siku kumi zikawa miezi mitano na mtu yule hakuonekana tena. Na kizuizi chenyewe hakikuwa cha kununuliwa. Kilikuwa cha mwaka mmoja tu, na taarifa ya utoro inaweza kupingwa MOHRE bila ya kumlipa mtu wa mitaani, mradi uwe na ushahidi kwamba uliambiwa usirudi. Ushahidi huo ndio aliokuwa hana. Simu haikurekodiwa, barua hakuandika, hata ujumbe mmoja wa maandishi wa kuuliza "nirudi lini?" hakutuma.

Mtoto wa Mkoani, wewe una sauti ya meneja. Wewe umepewa kitu ambacho mwenzako angekilipia.

Abu Salma
Mashina ya mikarafuu! Inauma kweli. Mtu akitaka pesa kwa ajili ya kazi ya nje muulizeni kwanza usajili wake Kamisheni ya Kazi. Na sheria ya kule imekataza kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, iwe moja kwa moja au kwa kupitia mtu mwengine. Nauli, viza na kibali ni za mwajiri.

Fundi Baridi
Yamekatazwa lakini yanalipwa kila siku. Ofisi za mjini zinatoza "gharama za faili" na hakuna anayesema kitu.

Abu Salma
Kulipwa hakukufanyi kuwe halali. Dai risiti yenye jina la ofisi na sababu ya malipo. Anayekataa kuandika risiti ameshakujibu.

Bint Kiembesamaki
Turudi kwa muuliza suali. Kama ataamua kutorudi kabisa, malalamiko yanaweza kufunguliwa MOHRE kwa programu au kwa simu yao ya ushauri wa madai, 80084 ukiwa ndani ya nchi. Tangu 2024 madai yasiyozidi dirham 50,000 wizara yenyewe inaweza kuyatolea uamuzi wenye nguvu ya kutekelezwa, si lazima uanzie mahkamani. Muda wa kudai ni miaka miwili tangu ajira kukatika. Kwa hiyo asiogopeshwe kwamba akibaki Pemba haki zimekufa.

Ugumu uko kwenye kumkabidhi mtu akudaie. Uwakala wa maandishi unathibitishwa hapa kwanza, unapita Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ubalozi wao Dar es Salaam, kisha kule utafsiriwe Kiarabu na mfasiri wa kisheria na upigwe muhuri wa wizara yao. Kila mlango una ada. Kwa mtu wa Mkoani ni boti mpaka Unguja na boti nyengine mpaka Dar. Na uwakala uandikwe mambo mahsusi: kudai, kupatana, kupokea pesa. Ukiandika "anishughulikie mambo yangu" utarudishwa.

Na popote ulipo: usitie saini karatasi inayosema umepokea haki zako zote kabla pesa hazijaingia benki. Karatasi ya kufuta kibali huwa na mstari huo. Soma, au mpe anayejua Kiarabu akusomee.

Mtoto wa Mkoani
Nimetuma barua pepe jana usiku kama mlivyosema. Viza bado hai, nimeangalia. Meneja kajibu mstari mmoja kwamba watanijulisha. Nawashukuru sana. Ila Fundi Baridi, hapo kwenye mahoteli, kazi ipo kweli au ni maneno?

Fundi Baridi
Ipo, na sababu yake ni chumvi. Kuanzia Nungwi mpaka Paje na Jambiani mashine ya nje ikikaa karibu na maji, mapezi ya alumini yanaliwa, yanageuka unga mweupe, hewa haipiti tena, kompresa inafanya kazi kwa nguvu mpaka inaungua. Hoteli nyengine inabadilisha kompresa badala ya kuosha koili. Ukienda na mkataba wa matengenezo, kila mwezi unaosha koili kwa maji matamu ya presha ndogo, unaangalia viungo vya shaba, unapima ampea, utawaokolea pesa na watakushika.

Lakini njoo na vifaa vyako. Pampu ya kuvuta hewa usiidharau. Wengi hapa wanajaza gesi bila ya kuvuta, wanaacha hewa na unyevu ndani, baada ya msimu mmoja mashine imekufa. Geji ziwe za gesi za R-410A na R-32, maana presha yake si ya zile za R-22 za zamani. Na R-32 inashika moto, kwa hiyo hakuna kuchomea bomba likiwa na gesi ndani.

Ubaya nao nitausema: hoteli hulipa kwa kuchelewa, na kuanzia mwezi wa nne mvua za masika zikishika, nyengine zinafunga. Weka akiba ya miezi miwili.

Mwana Matrah
Na chumvi hiyo hiyo iko Muscat, na joto juu yake. Kule AC haizimwi.

Mtoto wa Mkoani
Vifaa vyangu vyote viko chumbani Al Quoz. Pampu, geji, mashine ya kupimia uvujaji, na mtungi mmoja wa R-410A haujafunguliwa. Mwenzangu anaweza kuvituma kwa meli nikiamua kutorudi?

Abu Salma
Anaweza. Mizigo ya kutoka Deira, Dubai, inakuja bandari ya Malindi, Unguja, kila mara. Tena kwa mkaazi anayerudi kuna msamaha wa ushuru kwa sheria ya forodha ya Afrika Mashariki kwa vitu vyako binafsi na vya nyumbani ulivyokuwa ukivitumia kule. Hata gari moja, kama umeimiliki na kuitumia kwa miezi 12 na zaidi.

Fundi Baridi
Gari ya Dubai usukani uko kushoto. Ataiendesha vipi barabara ya Mkoani hadi Chake na zile kona? Asijitie kwenye gharama hiyo.

Abu Salma
Sikumwambia alete gari, nimetaja sheria.

Bi Karatasi, Chake
Msamaha huo unaangaliwa na TRA, kwani forodha ni ya Muungano. Vitu viwe vimetumika na viingie ndani ya siku 90 tangu wewe kufika, vikichelewa unamuandikia kamishna mapema. Vikiwa vipya, au vingi vya aina moja, vitahesabiwa biashara. Ila sharti lake ni kwamba mtu anarudi kwa kuhama. Mtu aliye likizo na viza hai, ambaye hajaamua, atawaeleza nini? Barua ya kusitishwa utaihitaji hata hapo.

Mwenzako aandike orodha ya kila kifaa na namba yake ya kiwandani, apige picha, moja ibandikwe ndani ya sanduku. Mafuta ya pampu yamwagwe kabla ya kufunga. Na mtungi wa gesi autoe, auuze huko huko. Ni mzigo wa hatari, wenye meli wanautaka na karatasi zake peke yake, na ukikutwa umefichwa ndani ya sanduku linazuiwa sanduku zima.

Wakijibu barua pepe, bandika majibu yao hapa neno kwa neno, ufiche majina. Na zimebaki siku ngapi mpaka tarehe 28?

Mtoto wa Mkoani
Tisa.